Kilimanjaro: Lipia Siku Kwanza, Koti Baadaye

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huanza na viatu. Anauliza koti zito linapatikana wapi, akimbie kilomita ngapi kila asubuhi, fimbo za kutembelea anunue au akodi. Maswali hayo yana nafasi yake, na tutayafikia. Lakini linaloamua kama utafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, au utateremshwa ukiwa umeshikwa mabega, ni jingine: umelala mlimani mara ngapi, na kwa kimo gani, kabla ya usiku wa kupanda kileleni? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Kitu cha kwanza cha kulipia ni siku ya ziada, na kama bajeti inabana, kila kingine kipunguzwe kabla ya hiyo.

Kwa nini siku, na si miguu

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa uwiano uleule wa Dar es Salaam, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule juu ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujibu haraka kwa kupumua zaidi. Jibu hilo lina gharama: kupumua sana hutoa kabonidioksaidi nyingi, damu inaelekea upande wa alikali, na ubongo ukihisi hivyo unapunguza tena kasi ya kupumua, hasa usingizini. Figo ndizo zinazosawazisha mambo, kwa kutoa bikaboneti kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Hakuna zoezi la uwanjani linaloiharakisha. Ndiyo sababu mpandaji anayezoea vizuri huamka kukojoa usiku, jambo linaloudhi ndani ya hema lenye baridi, ingawa ni habari njema. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, lakini hilo ni suala la wiki nyingi, wewe utakuwa umesharudi kazini.

Kutokana na hali hiyo, wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawepo siku ya kutopanda. Angalia neno kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, na ni vizuri ufanye hivyo, mradi usiku ushuke.

Sasa weka kanuni hiyo kando ya ratiba zinazouzwa. Njia ya Marangu kwa siku tano inaanzia langoni, kama mita 1,850, usiku wa kwanza Mandara mita 2,720, wa pili Horombo mita 3,720, wa tatu Kibo mita 4,720. Huo wa tatu hata haumaliziki, kwa sababu karibu na saa sita unaamshwa kwenda kileleni. Yaani kila usiku unaongeza mita elfu moja, mara mbili ya kinachoshauriwa, na mtu aliyetoka Dar kwa basi Jumamosi akaingia langoni Jumapili anatakiwa awe juu ya mita 5,600 alfajiri ya Jumatano. Kulala Moshi siku moja kabla hakusaidii kitu, maana mji huo hauzidi mita 900 na ushee.

Linganisha na Machame ya siku saba. Kambi ya kwanza ni kama mita 2,850, ya pili Shira kama 3,800, na hapo kanuni imeshavunjwa, tusifichane. Lakini siku ya tatu unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600, unakula chakula cha mchana huku kichwa kikigonga kidogo, kisha unashuka kulala Barranco, kama 3,950. Mwili umeonjeshwa mita 4,600 na kulazwa karibu palepale ulipolala jana. Siku ya nne ni fupi, unapanda ukuta wa Barranco na kulala Karanga, kama mita 4,000. Ndipo uende Barafu, kama 4,650. Machame ya siku sita inafuta Karanga na kukutoa Barranco hadi Barafu moja kwa moja, ufike jioni umechoka na kuamshwa saa chache baadaye. Tofauti ya bei kati ya ratiba hizo mbili ni ya siku moja tu, na siku hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Uchague njia ipi

Ukikubali hoja ya siku, uchaguzi wa njia unakuwa mwepesi. Lemosho ya siku nane ndiyo bora kwa mtu wa kawaida mwenye uwezo, kwa sababu inaanzia magharibi, inavuka uwanda wa Shira taratibu, kisha inaungana na Machame. Njia ya kuzunguka kaskazini ni ndefu zaidi na ni nzuri zaidi kwa mwili, ila ghali. Machame ya siku saba inatosha. Rongai, inayoanzia upande wa mpaka wa Kenya, ni kavu zaidi na inafaa kama unalazimika kupanda karibu na mvua. Umbwe ni mkwezo mkali. Mgeni wa mlima aiache.

Marangu ina faida ambayo wengi tunaihitaji: vibanda vyenye vitanda, hivyo hakuna hema la kulowa. Ukiichagua, chagua ya siku sita, ambayo unalala Horombo usiku mbili, na katikati unatembea hadi miamba ya pundamilia, kama mita 4,000 na kidogo, unarudi. Ya siku tano isingepaswa kuuzwa kwa mtu anayeishi pwani.

Kuna ujanja mmoja unaotumiwa na watu wachache mno. Panda Meru kwanza, kilele chenye zaidi ya mita 4,500, ambako unalala Miriakamba na Saddle, huku askari wa hifadhi mwenye bunduki akiwatangulia kwa sababu ya nyati. Pumzika siku moja au mbili Arusha, kisha ingia Kilimanjaro. Figo zako zitakuwa zimeshaanza kazi, na mazoea hayo hayapotei kwa siku chache.

Wanaopinga, na majibu yao

"Mimi nina mazoezi." Mazoezi ni mazuri: yatakusaidia kuvumilia mteremko wa siku ya mwisho, ambao huumiza magoti kuliko mpando. Lakini wepesi wa miguu haukingi ugonjwa wa mwinuko. Kijana anayekimbia marathoni anaweza kuugua huku mama wa miaka hamsini anayetembea polepole akiwa mzima, na mara nyingi kijana huugua kwa sababu ya mbio zake mwenyewe, kwani mapafu yake yanamruhusu kufika kambini saa mbili kabla ya wenzake.

"Wapagazi wanapanda na kushuka kila wiki." Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu wanaweza. Mtu anayelala mita 4,000 mara kadhaa kwa mwezi ana mwili tofauti na wa kwako kwa msimu huo. Isitoshe, wengi wao huishia kambi ya mwisho, hawaendi kileleni. Nao pia huugua.

"Fulani alifika kwa siku tano." Wapo, na wataendelea kuwepo, kwa kuwa miili hutofautiana sana. Tatizo ni kwamba hujui mwili wako uko upande gani mpaka uwe juu ya mita 4,000, na wakati huo ratiba imeshalipiwa.

"Nitameza dawa." Asetazolamidi, inayojulikana madukani kama Diamox, inafanya kazi kweli, kwa kusukuma figo zitoe bikaboneti haraka zaidi. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini iandikwe na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Inapunguza hatari bila kuiondoa, na haigeuzi siku tano kuwa saba. Mtungi wa oksijeni nao ni wa kumteremshia mgonjwa. Anayekuuzia oksijeni kama njia ya kufika kileleni anakuuzia hatari.

Pingamizi zito ni la pesa. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, na mishahara ya kikosi pia. Kwa mgeni wa kutoka ng'ambo siku moja ya ziada ni fedha nyingi. Kwa raia wa Afrika Mashariki hesabu ni nyingine: kiingilio chake hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni, hivyo siku ya ziada kwake ni hasa chakula na posho za watu. Itafute fedha hiyo kwenye vifaa. Soko la Memorial, Moshi, limejaa makoti ya mtumba yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji, na mfuko wa kulalia hukodishwa. Koti jipya la dukani ndilo linalopaswa kusubiri.

Maandalizi kwa mpangilio

1. *Miezi mitatu au zaidi kabla: pima afya.* Mwenye selimundu asipande. Mwenye kubeba kinasaba tu, yaani AS, ambaye huku chini haumwi, naye huweza kupata maumivu makali ya bandama kwenye mwinuko. Kwa hiyo jua hali yako kabla. Wenye presha, kisukari, pumu, maradhi ya moyo au mimba waamuliwe na daktari.
2. *Chagua msimu.* Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei huloanisha kila kitu. Safari za vikundi za Desemba 9 zina historia yake, maana usiku wa uhuru mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera kileleni, ila jiandae kwa mvua za vuli na msongamano.
3. *Zoea kutembea muda mrefu.* Saa tano au sita mfululizo, na begi mgongoni, mara moja kwa wiki, penye milima kama ipo. Ngazi za ghorofa zinafaa, na kushuka kuna umuhimu sawa na kupanda.
4. *Zoesha viatu miguuni.* Vitembelee wiki nyingi. Buti jipya hutoa malengelenge siku ya kwanza, na vidole visipokuwa na nafasi mbele, kucha huwa nyeusi wakati wa kushuka.
5. *Panga nguo kwa tabaka.* Ya ndani ya kukausha jasho, ya kati ya sufu au manyoya, ya juu ya kuzuia upepo na mvua. Pamba ikilowa haikauki. Jinzi ziache nyumbani. Glovu nzito, kofia ya kufunika masikio, miwani ya jua, tochi ya kichwani na betri za akiba.
6. *Chupa za maji ziwe za kudumu.* Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Ukiwa mlimani

Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, unakwenda mbio, hata kama wenzako wanakupita. Kunywa lita tatu hivi kwa siku, pamoja na chai na supu. Mkojo mweupe unaonyesha unatosheka, na kujilazimisha maji kupita kiasi ni hatari pia. Hamu ya chakula hupungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo uji, viazi na supu vitapita pale nyama itakapokataa. Pombe na vidonge vya usingizi usiviguse.

Jambo moja huwatisha wengi bure. Usiku, mwenzako wa hema anaweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kubwa na kushtuka. Ni lile jambo la ubongo kupunguza kasi ya kupumua, lililoelezwa juu, na peke yake si ugonjwa.

Usilolipuuza ni kichwa. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Ukiwa nao, usipande zaidi, lala palepale. Ukizidi, shuka. Na useme. Kwenye vikundi vyetu kosa kubwa kuliko yote ni kuficha: mtu amechangiwa na ofisi, picha zimeshaahidiwa kwenye kundi la WhatsApp, basi anamjibu kiongozi "niko fiti" huku ametapika nyuma ya choo. Kiongozi hupanga kwa kutumia majibu yako. Ukimdanganya, ujuzi wake wote haukusaidii.

> SHUKA SASA, HATA KAMA NI USIKU
>
> ☐ Anashindwa kutembea mstari mnyoofu, kisigino mbele ya vidole. Mpime kwenye ubao wa sakafu ya kibanda: hatua kumi, mikono pembeni. Akiyumba, ubongo unavimba.
> ☐ Anaongea ovyo, anachanganyikiwa, au amekuwa mzito kuamka.
> ☐ Anahema akiwa ameketi tu.
> ☐ Anakohoa mapovu au makohozi ya rangi ya waridi, midomo imebadilika rangi. Mapafu yanajaa maji.
>
> Usingoje mapambazuko, usingoje helikopta, mawingu huizuia. Dawa na oksijeni hutolewa wakati wa kushuka, si badala ya kushuka. Mgonjwa asishuke peke yake.

Usiku wa kileleni

Safari huanza karibu na saa sita usiku, na watu huuliza kwa nini wasipande mchana. Kokoto za mteremko wa Kibo zikiwa zimeganda hushika mguu. Jua likizilegeza, unapiga hatua mbili na kuteleza moja. Mawingu nayo hupanda kuanzia katikati ya asubuhi. Zaidi ya hayo, baada ya kilele bado unatakiwa kushuka hadi Horombo au Mweka siku hiyohiyo.

Tegemea nyuzi kumi chini ya sifuri, na upepo ukivuma ni baridi zaidi. Mrija wa maji wa begi huganda mapema, kwa hiyo beba chupa, uiweke ndani ya koti ikiwa imepinduliwa, kwani barafu huanza kushika juu ya maji na mdomo utabaki wazi. Simu na betri zikae karibu na ngozi, la sivyo zitazima kabla ya picha. Vaa tabaka zote kabla ya kuondoka ila moja, uliongeze kwenye kituo cha kwanza, kwa sababu ukitoka jasho mapema litakugandisha baadaye.

Kwa Marangu utafika ukingo wa kreta kwenye kituo cha Gilman, kama mita 5,685. Kwa Machame na Lemosho, Stella, kama 5,750. Anayefika kimojawapo hupewa cheti, na ukiwa huko kagua hali yako kwa uaminifu kabla ya kuendelea. Stella hadi Uhuru ni karibu saa moja ya mwendo usio mkali, Gilman ni zaidi. Wengi hupoteza nguvu za kushukia hapo, wakisahau kwamba ajali na kuteguka magoti hutokea njia ya kurudi. Kileleni kaa dakika kumi na tano, piga picha, ondoka.

Kabla ya kulipa

Sheria za hifadhi zinakutaka uwe na kiongozi mwenye leseni, hivyo utapitia kampuni upende usipende. Ukiwa ofisini kwao, uliza haya uso kwa uso:

- Nitalala wapi kila usiku, na kila kambi ina mita ngapi? Waandike kwenye karatasi.
- Nikiugua siku ya tatu, nani atashuka nami, na wenzangu watabaki na kiongozi yupi?
- Mmebeba oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni? Viongozi wamefunzwa huduma ya kwanza?
- Mizigo ya wapagazi inapimwa? Kikomo cha hifadhi ni kilo 20 kwa mtu. Wanakula mara ngapi, wanalala kwenye nini, na wanalipwa lini? Kampuni inayowabana wapagazi itabana na oksijeni yako.
- Bei hii ina ada zote za hifadhi na uokoaji ndani yake?

Linganisha mita walizokuandikia na kanuni ya mita 500. Hazitalingana kikamilifu, lakini utaona mara moja ratiba ipi inaukaribia ushauri huo na ipi inaudharau. Kama fedha uliyo nayo inatosha siku tano tu, ahirisha safari hadi uongeze, au nenda Meru mwaka huu. Na ofisi isiyoweza kujibu swali la kwanza na la pili, aga uondoke. Moshi na Arusha hazina uhaba wa kampuni.